Nilizimwaga Kokoto za Baba Mdogo

Nilikosea. Naanza na neno hilo kabla sijatafuta kisingizio, maana visingizio ninavyo vya kutosha na vyote nimeshavijaribu. Mhariri, jina langu naomba ulifiche. Kayanga si mji mkubwa, na gazeti moja hupita mikononi mwa watu kumi kabla halijafungiwa karanga.

Mniwie radhi kama maneno yatarukaruka. Mimi siwezi kutulia. Tangu nianze kuandika nimeinuka mara tatu: mara ya kwanza nilikwenda kukaza bomba la uani ambalo lilikuwa limekazwa, mara ya pili kuchungulia barabarani, mara ya tatu hata sijui nilifuata nini. Mke wangu anasema nina pepo wa miguu, na huwa anacheka. Alishasikia habari yangu, lakini hajui kwamba ndiyo sababu. Leo nitaisema.

Nilikuwa fundi bomba katika mradi wa maji, miaka michache baada ya vita, wakati ule sabuni ilikuwa ya foleni na dizeli ya kibali. Bosi wetu alikuwa Mzungu tuliyemwita Injinia tu. Mtu mrefu, mkimya, wa kuvaa kaptura hata siku za mikutano. Kazi yake ilikuwa kushusha maji ya chemchemi vijijini. Starehe yake ilikuwa samaki.

Si samaki wa kula. Alikuwa na samaki sita wa Amerika ya Kusini, aliosafiri nao kutoka kwao wakiwa wadogo kama kidole, ndani ya mifuko ya plastiki. Aliwaita oska. Alituambia ni ndugu wa mbali wa sato wetu na furu wa ziwani, ukoo mmoja uliotenganishwa na bahari. Ndugu gani hao! Walikuwa weusi wenye madoa mekundu ya moto, na karibu na mkia kila mmoja alikuwa na duara kama jicho la pili. Walikua mpaka mmoja akatosha kujaza sahani.

Walikula minyoo, panzi na vipande vya nyama, na msimu wa senene walikula senene. Hilo la senene liliwaudhi watu sana. Mama mmoja jirani alisimama mlangoni akamtazama Injinia akirusha senene majini, akasema, "Na watoto wa watu wanakesha wakiwatafuta." Akaondoka bila kuaga.

Tangi lao nililitengeneza mimi, kwa vioo vya madirisha na vyuma vya pembe. Mtu mzima angeweza kulala humo akanyoosha miguu. Lilivuja siku ya kwanza, likavuja ya pili, ya tatu likakubali. Watu walikuja sebuleni kwa Injinia kulitazama, na mimi nilikuwa nasimama pembeni nikisubiri waulize nani kalitengeneza. Wasipouliza niliwaambia.

Lakini tangi halikuwa kazi. Kazi ilikuwa kuyachuja maji yake. Anayekula kama ng'ombe hunya kama ng'ombe, na hao walikuwa sita. Umeme hatukuwa nao, isipokuwa jenereta ya mradi iliyowashwa jioni kwa saa chache kisha ikazimwa. Kwa hiyo Injinia alichagua pipa. Tulijenga jukwaa la mbao juu ya tangi, tukaweka pipa lililojaa kokoto na mchanga mnene wa mtoni. Maji machafu yalivutwa kwa mpira kutoka chini ya tangi hadi kwenye ndoo, ndoo ikamiminwa kwenye pipa, maji yakashuka taratibu katikati ya kokoto na kurudi tangini kwa bomba jembamba. Yalidondoka hivyo kutwa kucha. Pipa likikaribia kwisha, linajazwa tena.

Mwenye kulijaza alikuwa Baba Mdogo.

Huyu hakuzaliwa tumbo moja na baba yangu. Alitoka Rwanda akikimbia, mimi nikiwa bado mtoto, na baba akampa pembe ya kibanja chetu ajenge. Baadaye wakafanya omukago, undugu wa damu. Padri hakupenda mambo hayo, lakini walifanya: kila mmoja alichanjwa karibu na kitovu, damu ikapakwa kwenye punje ya buni, akala punje ya mwenzake. Ukishakula hivyo na mtu, huyo ni omunywani wako. Humdanganyi, humsemi vibaya kwa watu, na mwanawe ni mwanao. Ndiyo maana nilimwita Baba Mdogo, na ndiyo maana mimi mwenyewe nilimwombea kazi kwa Injinia.

Aliifanya kazi ile kuliko alivyoagizwa. Asubuhi alimwaga ndoo kabla hajanywa uji, na jioni kabla ya kulala alipunguza bomba kidogo ili pipa lidumu mpaka alfajiri. Samaki walimjua. Akitia mkono majini walikuja kuusukuma kwa pua.

Injinia alimtazama miezi kadhaa, kisha siku moja akamwita mbele yangu. Mradi ulikuwa karibu kumaliza chanzo cha maji kule Songambele, na palihitajika mtunzaji wa kudumu: mshahara, nyumba ndogo ya matofali, na kipande cha ardhi cha kupanda migomba. "Anayejua tunza pipa," Injinia akasema, "anaweza tunza chanzo. Nikitoka Dar es Salaam tunaandika jina yako."

Baba Mdogo alishukuru kwa kupiga makofi taratibu, kama desturi. Alipotoka nje aliniuliza, "Amesema ardhi?" Nikamwambia ndiyo, ardhi. Akauliza tena. Mtu yule alikuwa amelima kwenye mashamba ya watu tangu avuke mpaka, na nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Shikeni hapo, maana hicho ndicho nilichokuja kukivunja.

Wiki hiyo hiyo likaja boksi kutoka Ulaya. Ndani mlikuwa na chujio la umeme, la rangi ya kijivu, linang'aa, lina mipira miwili, sponji safi na vibanio vya kufungia kifuniko. Nililipenda papo hapo. Injinia aliligeuzageuza, akaniuliza, "Wewe ni fundi. Unaonaje? Hii, au pipa?"

"Hii, Bwana," nikasema. "Pipa ni la kizamani. Limeota hadi ute."

Akanikalisha chini akanieleza. Naikumbuka sauti yake na Kiswahili chake kile. "Maji safi kwa macho si maji safi kwa samaki. Mkojo ya samaki ni sumu, haionekani. Ile ute kwenye kokoto ni vidudu, wao wanakula sumu. Vidudu wanataka hewa. Pipa inawapa hewa siku nzima. Hii imefungwa kama chupa. Umeme ikizima, vidudu ndani wanakufa, wanaoza. Umeme ikirudi, uozo yote inaenda kwa samaki. Samaki kubwa, tangi kubwa, chujio nzuri ni ile haisimami."

"Naelewa, Bwana," nikasema.

Sikuelewa hata robo. Lakini kwetu mkubwa akikueleza unasema naelewa, kwa sababu kumuuliza tena ni kama kumwambia hajui kueleza. Na mimi nilikuwa fundi. Fundi anaulizaje?

Tena mawazo yangu yalikuwa yameshafungwa tangu utotoni. Nyumbani kwetu tulikuwa watu wa rubisi. Ndizi mbivu tulizikamua kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, maji yake yakachujwa, na nyasi zikishakamua mara moja zinatupwa mbali na mtumbwi unasuguliwa mpaka unanukia mti. Nikiwa mdogo niliwahi kuona uvivu wa kukata nyasi nyingine, nikazirudia za jana. Pombe yote ikaharibika na wageni wakaitema. Baba alinichapa mbele yao. Tangu siku hiyo kwangu mimi chujio lenye ute ni chujio la mvivu. Leo Mzungu ananiambia eti ute ndio unaosafisha! Nilimheshimu, lakini moyoni nilisema huyu hajawahi kukamua ndizi.

Injinia akaondoka kwenda Dar es Salaam kwa wiki tatu. Alituachia neno moja mimi na Baba Mdogo: pipa lisiguswe, na boksi lisifunguliwe mpaka arudi.

Nilivumilia siku nne. Siku ya kwanza nilipita sebuleni nikaliangalia boksi. Ya pili nikalifungua, nikalifunga. Ya tatu nikalitoa chujio, nikaunganisha mipira kujaribu tu kama inaingia. Mikono iliniwasha. Nilimwona Baba Mdogo akipanda jukwaani na ndoo, goti moja likimuuma, nikajiambia namhurumia mzee. Uongo mtupu. Nilitaka Injinia arudi akute fundi wake amefunga mtambo bila kuelekezwa.

Siku ya nne nikamwambia Baba Mdogo, "Leo unapumzika ndoo."

"Injinia alisema pipa lisiguswe."

"Injinia alisema mimi ndiye fundi."

Hakubisha. Alisogea nikapanda, nikalishusha pipa. Kokoto zilikuwa zimevikwa ute wa kahawia, na mimi nikakunja uso kama vile nimefumania kitu. Nikazibeba kwa karai.

"Unazipeleka wapi?" akaniuliza.

"Njia ya chooni. Pale panateleza mvua ikinyesha."

"Ziweke pembeni kwanza, mwanangu. Ndani ya maji. Tuone."

"Tuone nini, Baba Mdogo? Uchafu huu?"

Akainama akaokota kokoto moja, akainusa. "Hii hainuki vibaya," akasema. "Inanuka kama udongo baada ya mvua. Kitu kichafu hakinuki hivi. Mimi kusoma sijui, lakini pua ninayo."

Nikacheka. Nikazimwaga zote njiani, nikazikanyaga zikashika.

Jioni jenereta ilipowaka nikawasha chujio jipya. Lilinguruma kwa sauti ndogo tamu. Siku ya pili maji yaling'aa kuliko siku zote, ungeweza kusoma gazeti upande wa pili wa tangi. Niliwaita mafundi wenzangu waje waone, na wakanipa mkono. Baba Mdogo alikuja akatia kiganja majini kama kawaida yake. Samaki hawakuja. Walikuwa wamejikusanya pembeni, wanapumua juujuu.

"Maji ni safi," nikamwambia.

"Safi ni safi," akasema. "Lakini wamekataa mkono."

Baada ya hapo dizeli ikaisha. Jenereta ikalala siku mbili nzima na chujio likalala nalo, limejaa maji, limebanwa vibanio vyake vyote. Baba Mdogo alinijia mara mbili. Mara ya kwanza aliomba turudishe pipa na kokoto zake. Nilimwonyesha njia ya chooni: mvua ilikuwa imepiga, kokoto zilikuwa tope. Mara ya pili hakuomba kitu, alisimama tu karibu na tangi akishika ndoo tupu. Nikamwambia aache kunitia wasiwasi.

Jumamosi mchana gari la mradi likaleta dizeli. Nilikimbia, kweli nilikimbia, nikawasha jenereta, nikarudi sebuleni nikawasha chujio. Likakohoa. Kisha ule mpira wa kurudishia ukatema maji meusi, yanayonuka yai viza, yakaenea tangini kuanzia pembeni mpaka katikati. Nilisimama nikiangalia. Nilipokumbuka kuzima, nusu ya chujio ilikuwa imeshatapika.

Samaki walirukaruka, wakagonga vioo, kisha mmoja mmoja wakaanza kulala ubavu. Tulibeba maji safi kutoka bombani, mimi na yeye, ndoo kwa ndoo, tukamwaga machafu mlangoni mpaka sebule ikawa bwawa. Baba Mdogo alivua shati, akaingiza mikono hadi mabegani, akamshika yule mkubwa kuliko wote akawa anamwendesha mbele na nyuma polepole ili maji yampite kwenye mashavu. Alifanya hivyo hadi giza likaingia. Sikumsikia akisema neno moja la kunilaumu. Afadhali angelisema.

Kengele ya misa ya Jumapili ilipolia hapakuwa na samaki hata mmoja aliye hai. Yule mama wa senene alikuja na sufuria akauliza kama wanaliwa. Nilimfukuza. Tukawazika nyuma ya nyumba, chini ya migomba.

Kisha nikaanza kazi ambayo sikuhitaji kufundishwa. Nilichota kokoto mpya, nikazijaza kwenye pipa, nikalirudisha jukwaani. Nilisuuza chujio, nikalikausha juani, nikalirudisha kwenye makaratasi yake na boksi lake, nikalibandika. Baba Mdogo alinitazama nikifanya yote hayo.

"Akija utamwambia," akasema.

"Nitamwambia, Baba Mdogo."

"Basi vizuri." Akaniamini. Alikwenda zake kulala bila hofu.

Injinia alirudi wiki zake tatu zilipotimia. Aliweka mkoba mlangoni akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Akasimama mbele ya maji matupu, mikono mfukoni. Mimi nilikuwa kulia kwake, na Baba Mdogo alikuwa nyuma yetu, ndoo mkononi, kwa sababu hata bila samaki alikuwa ameendelea kujaza pipa.

"Nini imetokea?" Injinia akauliza.

Wallahi nilikuwa nimejiandaa kusema kweli. Nilikuwa nimeipanga njia nzima. Lakini alipogeuka nikaona uso wake, na nikaona jinsi uso huo utakavyoniangalia, mdomo wangu ukafanya kazi yake wenyewe. "Mzee alipitiwa, Bwana. Pipa lilikauka."

Hilo lingetosha. Nikaongeza, "Alikuwa amekunywa."

Kwa nini niliongeza? Nimejiuliza miaka yote hii. Hakuna aliyeniuliza kama alikunywa. Mzee yule hakuwa hata mnywaji.

Injinia akamgeukia. "Ni kweli, Mzee?"

Baba Mdogo alinitazama. Nilingoja aseme. Namna fulani nilitaka aseme, aniumbue, yaishe. Aliinama akaweka ndoo sakafuni, akainyoosha ikae vizuri.

"Ni kweli, Bwana," akasema. "Nilipitiwa."

Injinia hakupiga kelele. Alisema tu kwamba chanzo cha maji cha Songambele ni maji ya watu, si ya samaki, na hawezi kumpa mtu anayepitiwa. Akaingia chumbani akafunga mlango. Mafundi waliokuwa wameliona chujio hakuwauliza, nao hawakujipeleka.

Nilimkimbilia Baba Mdogo uani. Alikuwa anakunja nguo zake, si nyingi.

"Kwa nini hukunikana?" nikamuuliza.

"Nikukane mbele ya mgeni? Nilikula buni na baba yako."

"Na ardhi je?"

Alifunga mzigo wake. "Mimi nimeshasema la kwangu," akasema. "La kwako bado unalo. Nenda kesho ukaliseme. Kesho si mbali."

Kesho yake nilikwenda mpaka kwenye ngazi za Injinia nikageuka. Keshokutwa sikufika hata kwenye ngazi. Mwezi haukuisha, mtu mwingine akaandikwa Songambele, akapewa nyumba na kile kipande cha ardhi. Mgomba wake wa kwanza nilisaidia kuupanda, maana nilitumwa huko kufunga bomba.

Mnafikiri hapo ndipo palipokuwa pabaya. Bado.

Habari zilimfikia baba yangu jinsi habari zinavyofika, zikiwa zimeongezewa chumvi: kwamba omunywani wake alilewa kazini, akaua mali ya Mzungu, akamwaibisha mwanawe aliyemtafutia kazi. Baba alikwenda kumuuliza mwenyewe. Alirudi amekunja uso.

"Amekubali," akatuambia tukiwa tunakula. "Hakujitetea hata kidogo. Nimekula damu ya mlevi."

Mimi nilikuwa na tonge la ndizi mkononi. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Nikalimeza tonge.

Tangu siku hiyo baba hakumwita tena kwenye rubisi, na rubisi kwa wazee wale ndiyo ilikuwa undugu wenyewe. Kwa upande wake Baba Mdogo aliaga kwa heshima, akabomoa kibanda chake, akapanda lori la kahawa na kwenda Bugomora kulima vibarua. Alipopanda nilimshikia mzigo. Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba, mwanangu. Mwanangu! Aliniita hivyo na lori likaondoka.

Injinia naye mkataba wake uliisha. Siku ya kuondoka alinipa mkono mbele ya mafundi wote akanikabidhi lile boksi. "Wewe ni mtu mwaminifu," akasema. Wenzangu wakapiga makofi. Nililipeleka nyumbani nikalisukuma uvunguni, na miguu yangu ilianza hapo hapo kunikataza kukaa.

Miaka ikaenda. Nilioa, nikajenga, nikawa msimamizi wa mafundi. Kila nilipopata safari ya upande wa Bugomora nilimpa mtu mwingine. Nilijiambia mzee ameshasahau. Nilijiambia walikuwa samaki tu, na samaki si mtu.

Kisha baba akaugua. Aliugua muda mrefu, akilala upande mmoja akiangalia mlango. Siku moja aliniambia, "Omunywani wangu hajaja kunitazama."

"Labda habari hazijamfika," nikajibu.

Hazikuwa zimemfika kwa sababu sikuzipeleka. Niliogopa akija watazungumza. Wagonjwa huzungumza, na wazee wakizungumza hawaachi kitu. Baba aliuliza tena baada ya siku chache, kisha akaacha kuuliza. Alikufa akiangalia mlango ule. Nisameheni, ngoja kwanza.

Nimerudi. Nilikwenda uani.

Baba Mdogo alikuja siku ya tatu ya matanga. Alikuwa ametembea kutoka Bugomora kwa miguu, viatu mkononi vikiwa vimefungwa pamoja kwa kamba, akavivaa alipofika kwenye uzio wetu. Alikuwa amezeeka vibaya. Alisimama kaburini muda mrefu akiwa amevua kofia, kisha akakaa pembeni peke yake, maana watu walikuwa bado wanajua habari yake na hawakumpisha kitini.

Nilimfuata. Nilipiga magoti pale pale, nguo zangu za msiba kwenye udongo. "Baba Mdogo, nimekuja kuomba msamaha."

"Mimi nilikusamehe siku ile ile," akasema. "Nikiwa na ndoo mkononi. Nisingekusamehe ningesema."

"Ardhi ile, kazi ile. Nilikunyang'anya."

"Ardhi ni ya watu kila mahali. Nimelima, nimekula." Alichezea kofia yake. Kisha akaniangalia, na kwa mara ya kwanza nikaiona hasira yake. Ilikuwa ndogo, imechoka. "Unajua kwa nini nilinyamaza? Nilidhani nakuachia nafasi. Nilisema mtoto ameogopa, kesho atakwenda kwa baba yake amwambie, na baba yake atakuja kwangu akicheka. Nikamngoja. Nimemngoja miaka yote hii kule Bugomora, kila nikisikia mtu anapiga hodi. Ningejua kwamba hutasema, ningejitetea."

Niliinuka, udongo ukiwa bado magotini.

Niliwasimamisha watu wa msibani nikawaambia yote. Kiti akapewa, rubisi akapewa, wazee wakamshika mkono mmoja mmoja. Alipokea kwa adabu na kunywa kidogo, lakini kila mara aliitazama ile nafasi ambayo baba alikuwa anakaa. Kesho yake akarudi alikotoka. Baada ya vita vya kwao nilisikia amevuka mpaka kurudi kwenye kilima cha wazazi wake. Kama yu hai au la, sijui.

Wewe unayesoma, kama unafuga samaki wakubwa sikuzuii. Chagua chujio linaloendana na umeme ulio nao, si lile linalong'aa, na usisuuze uhai wote kwa siku moja. Mkubwa akikueleza usichokielewa, muulize tena, hata mara kumi. Hayo nayasema upesi kwa sababu ni madogo.

Kubwa ni hili. Kama kuna mtu amenyamaza kwa ajili yako, usidhani amesahau wala usidhani amekubali. Anakungoja. Nenda kwa yule anayepaswa kusikia, nenda angali anasikia.

Mimi nimekwenda kaburini kwa baba zaidi ya mara moja. Nimemweleza yote kwa sauti, sikuficha kitu, hata lile neno la ulevi. Maneno yalitoka vizuri, bila kigugumizi. Ilikuwa rahisi mno. Ukiona kusema kweli kumekuwa rahisi namna hiyo, ujue mwenye kuambiwa hayupo tena.